Sanduku la kufuli tatu la kikoba: linunueni, ila kufuli tafuteni wenyewe

Nianze na bei, maana najua wengi mnasoma kwa ajili hiyo. Sanduku la chuma la kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), la bluu, lenye pete tatu za kufuli kwa mbele, tulilinunua shilingi 85,000 kwa fundi wa kuchomelea huku kwetu Kihonda, Morogoro. Ndani ya bei hiyo alitupa kufuli tatu, mabakuli mawili ya plastiki ya kuhesabia hela, vitabu vya wanachama, mhuri wa nyota na pedi ya wino. Tumemaliza nalo mzunguko mmoja, sasa tuko wa pili. Mimi ni fundi cherehani na ndiye katibu wa kikundi, kwa hiyo kila kinachoingia na kutoka humo kinapita mbele ya macho yangu. Nalipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nainyima kwa sababu ya kufuli.

Wiki za mwanzo tu, mtunza ufunguo namba mbili alikuwa anaongea na jirani yake huku anafungua, akachomeka ufunguo wake kwenye kufuli namba tatu. Ikafunguka. Watu wote kimya. Mwenyekiti akamwambia ajaribu na namba moja. Ikafunguka nayo. Kumbe zile kufuli za bei chee zimetoka kiwandani na ufunguo mmoja. Tulichouziwa ni kufuli moja yenye maumbo matatu! Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na wasiwasi ndani yake, maana kila mtu alikuwa anafikiria watunza funguo wetu na hataki kuonekana anafikiria hivyo. Jumatatu yake tukaenda duka la vifaa vya ujenzi, tukazijaribu pale pale kaunta, kila ufunguo kwenye kila kufuli. Muuzaji alinuna. Mwache anune. Tulilipa 27,000 zaidi, na hizo ndizo tunazotumia mpaka leo.

Kwa msiojua utaratibu: wanachama tuko 25. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni uani kwa mtunza sanduku. Yeye analala na sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja. Funguo ziko kwa watu watatu ambao hawamo kwenye uongozi, na katiba inakataza wawili kutoka nyumba moja au ukoo mmoja. Vitabu vya wanachama navyo vinalala humo humo, harudi navyo mtu nyumbani. Katikati ya wiki, hata kama nyumba inaungua, hakuna wa kufungua.

Wapo wanaoliona hilo kuwa usumbufu, na kweli ni usumbufu. Jumamosi moja mtunza ufunguo namba moja alikwama Msamvu, basi alilopanda kutoka Dumila limeharibika njiani, nasi tukakaa uani kumsubiri mpaka adhana ya magharibi. Mwanachama mmoja aliyetaka mkopo wa kununulia magunia ya mkaa alikuwa anatembea huku na huko kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Lakini katika kusubiri kule ndipo tulipojua kwamba mwenzetu anayekaa namba 14 kafiwa na kaka yake Iringa na hakuwa ameambia mtu. Alikuwa amepanga kuweka hisa, kusaini na kuondoka. Benki angeweza. Kwetu ilishindikana kwa sababu sanduku lilikuwa bado limefungwa.

Hapo ndipo kilipo kitu ninachotaka kukisema kuhusu bidhaa hii. Kama unanunua sanduku kwa ajili ya kuzuia wezi, utavunjika moyo. Bati lake ni jembamba. Mwizi mwenye nondo halimchukui hata dakika kumi, na akiona shida atalibeba lote. Kinachouzwa pale ni ule ulazima wa watu kukaa pamoja ndipo hela ionekane. Asipokuwepo mmoja wa wale watatu, kila mtu atamtafuta. Wangapi kati yetu huko mtaani wakikosekana saa moja tu wanatafutwa?

Mkutano wenyewe uko hivi. Kila mtu ana namba na anakaa kwa namba yake. Sanduku linawekwa katikati ya mkeka. Kabla ya kufunguliwa, mwenyekiti anauliza: wiki iliyopita tulifunga na kiasi gani? Hatusomi popote, tunajibu kwa kichwa, kwa sababu kila mkutano unapoisha jumla inatangazwa na watu wanatakiwa kuondoka nayo. Kikundini tuna mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mawenzi, mtu mzima, hajui kusoma. Siku moja akajibu laki tatu na elfu kumi na sita na mia tano. Mimi kwenye kauntabuku langu nilikuwa nimeandika 361,500. Wahesabu fedha wakamimina kwenye bakuli, noti kwa noti, kwa sauti: 316,500. Yule mama hakusema neno, alijitanda khanga yake vizuri tu. Kuanzia siku hiyo wanachama wapya wakitaka kujua jambo la hela wanamgeukia yeye, sio mimi mwenye kalamu. Na amebadilika, nawaambieni. Zamani alikuwa akikaa pembeni ya mkeka.

Baada ya hapo namba zinaitwa moja moja kununua hisa. Hisa yetu ni 2,000, mwisho tano kwa mkutano, kwa hiyo mwenye nacho na asiye nacho hawatofautiani sana: huyu 10,000, yule 2,000. Kila hisa napiga mhuri mmoja kwenye kitabu, na nafasi zilizobaki wazi nazichora mstari ili mtu asije akajiongezea. Hapa kuna lawama ya pili kwa fundi. Karatasi za vile vitabu ni nyepesi mno, wino unapenya nyuma, na mwanachama mmoja nusura tugombane akidai nyota za upande wa pili ni hisa zake. Siku hizi nanunua vitabu vya jalada gumu na pedi ya wino nabadilisha mwenyewe, maana kwa joto la Morogoro ile ya kwanza ilikauka mapema.

Mkopo ni hadi mara tatu ya hisa zako, marejesho ndani ya miezi mitatu, nyongeza asilimia tano kwa mwezi. Pembeni kuna mfuko wa jamii, kila mtu 500 kila Jumamosi, na ukikopa huko haukulipishi nyongeza. Kuna wenzetu Waislamu ambao kwa ajili ya riba wanakopa kwenye mfuko wa jamii peke yake, na siku ya mgao, mzunguko unapoisha na hela inagawanywa, wanachukua hela yao waliyoweka, ziada hawaigusi. Tulikubaliana bila ugomvi.

Ugomvi ulikuwa kwenye msiba. Katiba yetu ina ukurasa mmoja kuhusu mikopo na kurasa mbili na ushee kuhusu nani akifa mwanachama anapewa rambirambi. Mume, mke, mtoto, baba, mama: hapo wote ndiyo. Mama mkwe? Kelele. Mama mmoja akasema mkwe wake ndiye aliyemlelea watoto wote wanne, sasa kikundi kimwambie si ndugu? Mwingine akasema tukianza na wakwe tutamaliza na mashemeji, mfuko utakauka kabla ya Pasaka. Tulibishana hadi mikutano mingine, na asilimia tano ile ilipita bila hata mtu kunyoosha mkono. Nilijifunza hapo watu walikuja kutafuta nini. Kukopa wanaweza kukopa popote, mikopo kausha damu, ile ya riba kali, imejaa kila kona ya mtaa. Lakini hakuna kampuni ya kausha damu itakayokuja kukupikia wageni wa matanga.

Mama mkwe aliingia, kwa kura 15.

Huu mtindo haukuanzia kwetu. Ulianzia Niger, mkoa wa Maradi, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini ambao tayari walikuwa wanacheza upatu kama tunavyocheza sisi. Upatu tunaujua udhaifu wake: hela ni ile ile, zamu ni ile ile, na mtoto haugui kwa kufuata zamu ya mama yake. Tena ukikutana na kijumbe, yule mkusanya hela, mwenye tamaa, umekwisha. Kule wakaacha hela ikae pamoja ikopwe na mwenye shida. Sasa ukienda Zanzibar, Uganda, Malawi, utakuta watu wamezunguka sanduku la aina hii hii.

Idadi nayo izingatieni kabla ya kununua. Wataalamu wa mfumo huu wanashauri watu 15 hadi 25, na mimi ningesema 25 ndio mwisho kabisa. Huko nyuma niliwahi kuwa kwenye kikundi cha sokoni kilichofika watu sitini. Kuita namba tu kulimaliza jioni nzima, walio nyuma wanachati, na mtu akikosekana hakuna anayegundua mpaka siku ya marejesho. Wakopaji wengine sikuwahi kujua wanafanya biashara gani. Kikafa, na hela zikaenda na waliokimbia. Kwenye watu 25 ninajua nani anauza nini, mume wa nani ni dereva wa malori ya Zambia na hulipwa tarehe ngapi, nani akisema "nitaleta" ataleta kweli. Kukosa mkutano bila taarifa faini ni 1,000, lakini faini hiyo ina mkia: lazima mtu apite nyumbani kwako kuitaja, na akifika ndipo anakukuta umelala na homa, huna hata wa kukuletea maji. Dada mmoja aliyehamia hapa kutoka Kasulu, hana ndugu Morogoro nzima, tulimkuta hivyo hivyo. Waliomfuatia faini ndio waliompeleka zahanati.

Sasa ubaya, maana nisije nikaonekana fundi kanilipa. Mtu wa kausha damu ukishindwa kumlipa unajificha, unazima simu. Kwenye kikoba anayekudai ni jirani, ni mteja wako, ni anayekaa namba inayofuata. Mwenzetu mmoja biashara ya mitumba ilimgomea, marejesho yakapita miezi. Hakuna aliyemtukana. Lakini alianza kuzunguka njia ya mbali ili asipite karibu na genge la mwenyekiti, na kanisani akahamia ibada ya kwanza. Tulimwongezea muda, akamaliza deni, ila mzunguko wa pili hakurudi. Ile aibu inayofanya marejesho yaje kwa wakati inaumiza, na sijaona katiba inayoiweka kiasi. Akina dada mnaoanzisha kikundi, lijadilini mapema, kabla halijampata mtu mwenye jina.

Mtu ataniuliza kuhusu huduma za vikundi kwenye simu. Tumejaribu. Kwa usalama zinalizidi sanduku mbali sana, na mwanachama akisafiri anaweka hisa akiwa huko huko. Tatizo letu ni kwamba Jumamosi ilianza kuwa na watu kumi. "Nimeshatuma," mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp, basi. Yule mama wa dagaa akawa hana cha kukumbuka. Tukarudi kwenye mkeka, simu tukaiachia kazi moja: miezi miwili ya mwisho kabla ya mgao, wakati mikopo inarudishwa na sanduku linajaa, hela inapelekwa kwenye akaunti ya kikundi. Huo ndio wakati vikundi vinavamiwa, msilale na mamilioni uani kwa mtu.

Kusajili: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, usajili unapitia halmashauri. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba na orodha ya wanachama. Atawagusia pia mikopo inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, zile nne za wanawake, nne za vijana na mbili za wenye ulemavu. Ni jambo jema, ila mtaani kwetu nimeona vikundi vilivyoanzishwa kwa ajili ya hela hiyo tu: picha ya pamoja, katiba ya kunakili, mkopo ukishagawanywa hawasalimiani. Kaeni kwanza mwaka mmoja na hela zenu wenyewe.

Mgao wetu wa kwanza, hisa ya 2,000 ilitoka na 2,410. Watu walinunua mabati, wakalipa ada, na mmoja alinunua godoro akalibeba kichwani moja kwa moja kutoka dukani kuja kutuonyesha.

Kwa hiyo linunueni. Mwambieni fundi kufuli mtaleta wenyewe awapunguzie bei, vitabu viwe vya jalada gumu, na mpini aweke pande mbili. Letu lina mmoja juu, katikati, na siku ya mgao uling'oka upande likiwa limebebwa. Amesema ataurudishia bure. Bado tunamsubiri.