TAHADHARI: Muuzaji wa ekseli za lori hapa Grogan, Nairobi, anayebadilisha mzigo ukishalipa

Ndugu zangu wenye malori na madereva wenzangu, naandika haya nikiwa na hasira ambayo haijapoa, kwa sababu mtu huyu bado anafungua duka lake kila asubuhi, na huenda sasa hivi mmoja wenu amesimama uani kwake akionyeshwa ekseli ileile niliyoonyeshwa mimi. Lori letu, Isuzu FRR, lilipata ajali kule Salgaa, mnayajua, sitayarudia yote. Nyumba ya ekseli ya nyuma, yaani ganda lake la chuma, ilipinda, fundi akasema hainyoosheki, na bei ya mpya ilikuwa juu ya uwezo wetu, kwa hiyo tukaamua kutafuta ya mtumba kutoka Japani, kama wafanyavyo wengi wetu.

Sikununua kwa mtu wa kupitapita. Duka lile lina ubao, lina kibali cha kaunti ukutani, linatoa risiti, na nilikuwa nimewahi kununua springi pale bila matata yoyote. Isitoshe, nilikwenda na makanika wangu, mtu aliyekuwa akifungua difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu, tangu mimi nikiwa utingo.

Uani palikuwa na ekseli kadhaa zimelazwa juu ya mbao, naye akatuelekeza kwenye moja iliyokuwa na kutu ya juujuu tu, rangi ya kiwandani ikionekana bado karibu na viti vya springi, na hapakuwa na mahali palipochomewa. Makanika alitaka difu itolewe nje. Muuzaji hakunung'unika hata kidogo. Aliwaita vijana wake, wakachomoa hafushafti, vile vyuma vinavyotoka kwenye difu hadi magurudumuni, wakafungua nati na kuiweka difu juu ya tairi kuukuu. Tuliipangusa oili kwa matambara. Makanika akalitia jino moja la krauni, gia kubwa ya difu, alama ya chaki, akawa anazungusha polepole huku nikihesabu kwa sauti: meno arobaini na matatu, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, meno saba, sawasawa na difu yetu ya zamani. Tuliishika pinioni tukaitikisa, haikucheza. Tulimulika kila jino kwa tochi ya simu, hatukuona lililolika wala lililomeguka. Nawauliza, mnunuzi akague nini zaidi ya hapo?

Nikalipa shilingi 180,000 kwa M-Pesa, na hapo ndipo ukarimu wake ulipoanza. “Mzee wangu, mzigo mchafu hivi hubebi,” akasema. “Vijana watarudisha difu, wataosha na kupiga rangi, hiyo ni bure. Nendeni mkanywe chai hapo mbele, mkirudi mtaukuta umeshapakiwa kwenye pikapu.” Ilikuwa saa saba mchana na hatukuwa tumetia kitu tumboni tangu alfajiri. Tena, mtu aliyekuruhusu kufungua mali yake yote kabla hujatoa hata shilingi humdhanii mabaya. Tuliporudi tulikuta ekseli nyeusi inayong'aa, imefungwa kamba juu ya pikapu, difu imekazwa na oili imetiwa, na rangi ilikuwa mbichi kiasi cha kutushika viganjani. Akanipa mkono wa pole na kunitakia kazi njema.

Tuliyoibeba siyo tuliyoikagua.

Dereva ndiye aliyetangulia kushtuka. Lori likiwa tupu lilikuwa likikimbia kuliko kawaida yake, na mshale wa spidi ulipoonyesha 65, simu yake ilionyesha 82, yaani gari la mizigo lenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa lilikuwa likivunja sheria huku mwenye usukani akijiona anakwenda taratibu. Nilidhani ni mita imeharibika. Kisha likapakiwa viazi Narok, na kwenye mlima wa kutoka Mai Mahiu likaishiwa nguvu, gia ya kwanza tangu chini, foleni ya matrela nyuma yake, hadi difu ikaanza kulia na oili ikamwagika barabarani. Viazi vilihamishiwa gari lingine usiku uleule, kwa gharama yetu.

Tulipoifungua kwenye gereji Baba Dogo, krauni ilikuwa na meno 39 na pinioni meno 8. Anayejua hesabu ya difu ataelewa: pinioni ya ile tuliyoikagua huzunguka mara 6.14 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, ya hii mara 4.88, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye magurudumu imepungua kwa takriban moja ya tano, na kasi ya gari haiwiani tena na mshale. Meno yake yalikuwa yamelika, na oili ilichanganywa na grisi nzito ili difu isilie mapema. Chini ya ile rangi, kando ya kiti cha springi cha kushoto, palikuwa na ufa uliochomewa ovyo, ukasawazishwa kwa pati. Chuma hicho ndicho kilichobeba tani za mzigo na roho za watu wawili kwenye mlima ule.

Nilimrudia. Mbele ya wateja wengine aliniambia, “Mlikagua wenyewe, mkaridhika wenyewe,” na vijana wake, walewale waliotufungulia difu, wakacheka. Nilitoka pale nikitazamwa kana kwamba mimi ndiye ninayetaka kumtapeli. Risiti yake inasema “sapea iliyotumika, hairudishwi” na hakuna jingine. Aibu ile siwezi kuisahau.

Mtu huyu anapaswa kufungwa. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kupata mali kwa hila ni kosa la jela hadi miaka mitatu, na kwa maoni yangu miaka mitatu ni michache kwa mtu anayepaka rangi ekseli yenye ufa na kuitia barabarani kati ya matatu zilizojaa abiria. Kaunti imnyang'anye kibali, na wenye maduka wenzake, ambao wanajua vizuri mchezo wake, waache kumfichia siri.

Dalili zilikuwapo, nazitaja kwa yeyote anayekwenda kununua wiki hii. Alitaka pesa ziende kwenye simu yake binafsi, akidai namba ya malipo ya duka ina hitilafu. Alikataa kuandika kwenye risiti nambari zilizo kwenye chuma cha nyumba ya ekseli, akisema hakuna anayefanya hivyo. Na rangi, jamani, rangi ya bure. Ukishalipa usiondoke, na kabla ya kulipa gonga alama yako mwenyewe kwenye chuma kwa patasi.

Nimeshaandikisha malalamiko polisi na ninajiandaa kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Picha za ufa ninazo, risiti ninayo. Aliyebadilishiwa mzigo kwenye ua huo aniandikie faragha tuandamane na ushahidi wetu, maana mmoja akienda peke yake ataambiwa tena kwamba alikagua mwenyewe.