Chuo au taasisi ya utafiti, utafiti wa afya ya akili ya jamii ufanyie wapi?

Wadogo zangu mnaomaliza masta ya ustawi wa jamii, hili mnaniuliza sana. Hela kwanza: taasisi za utafiti mara nyingi zinalipa vizuri ila mkataba unafuata mradi, pesa ya wafadhili ikiisha na wewe unaanza kutafuta pengine, chuo cha serikali hapa Tanzania mshahara wa kawaida lakini ajira imetulia. Mada ya utafiti, chuoni unajichagulia, tatizo muda unaliwa na kusahihisha mitihani. Taasisi inakupa fildi, yaani kuwafuata watu huko waliko, na kazi hii bila fildi haiendi jamani, ile Friendship Bench ya Zimbabwe, mabibi wanaosikiliza watu wenye msongo wa mawazo kwenye benchi, ilipimwa kliniki za Harare huko huko. Una wanaokutegemea? Chuo. Huna majukumu, anza na mradi.