Honda CBR600F4i: pikipiki la zamani, injini bado kijana

Kwa anayewaza kuchukua pikipiki ya sport ya zamani na hela yake sio ya kumwaga, kura yangu naitupa kwa Honda CBR600F4i, ile iliyoanza 2001 ikiwa na nozeli za kupuliza mafuta, sio ile iliyotangulia ya 1999 na 2000 ambayo bado ilikuwa ya kabureta. Yangu ilishuka na kontena kutoka Uingereza, spidi mita inasoma maili mpaka leo na sina mpango wa kuibadili, nimeichukua hapa Dar kwa jamaa aliyekuwa kaiegesha muda mrefu tu. Injini naipa tisa kwa kumi. Ila mipira, nyaya na vimiminika ndo vitakula hela yako, na muuzaji hatakuambia hilo, yeye atakuwashia chuma ukisikie kinanguruma basi umeisha.

Injini yenyewe ni cc 599, silinda nne zimelala mstari mmoja, inapoozwa na rejeta, nguvu kama farasi 110 hivi, na mshale unaruhusiwa kupanda mpaka mizunguko 14,200 kabla ya kugusa wekundu. Huku chini ni mpole kabisa unaweza kutembea nayo foleni ya Ubungo bila kugombana nayo, ukivuka elfu nane ndo inabadilika sura. Kelele moja inayojulikana kwa hizi ni ya tenshena, yaani kikaza, ya cheni ya kemu, ile shafti inayofungua valvu, inakuwa kama mtu anatikisa sarafu ndani ya kopo upande wa kulia injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kuvutwa moto, hiyo isikutishe sana ila itumie kushusha bei, tenshena inabadilishwa bila kufungua hedi.

Sasa ikishafika nyumbani usianze kuipiga rangi jamani. Wengi ndo wanakosea hapo, unakuta mtu kaweka stika mpya na taa za bluu halafu mafuta ya breki yana rangi ya chai ya rangi. Anza na kunyanyua tangi, bolti mbili tu za mbele halafu linanyanyuka upande wa mbele na kuegemea nyuma kama boneti, chini yake kuna boksi la filta ya hewa. Kwenye yangu nilikuta kiota cha panya, majani makavu ya miti ambayo huku haipo na vipande vya sponji ya siti vimesokotwa vizuri kabisa, yaani panya wa Uingereza alikuwa na chumba na sebule. Filta ilikuwa imeliwa kona. Hapo hapo ukishafika ndo ubadili na plagi, ni NGK IMR9C-9H, iridiamu, bei yake imechangamka na feki ni nyingi, kwahiyo nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

Oili ndo naomba tusikilizane. Klachi ya hii mashine inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, kwahiyo chukua 10W-40 iliyoandikwa JASO MA mgongoni mwa kopo, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi kama hii, usikubali fundi akumwagie oili ya gari ile ya kubana matumizi, klachi itateleza na utaambiwa sahani zimekwisha kumbe sio. Na kwenye rejeta maji ya bomba hapana. Weka kulanti, ibadili kila miaka miwili, joto la Dar halina utani, ukikaa foleni joto linapanda mpaka digrii mia na kidogo ndo feni inaingia, hiyo ni kawaida, isiyo ya kawaida ni feni isipoingia.

Breki za mbele ni diski mbili na kalipa za Nissin za pistoni nne kila moja, zikikaa bila kutumika zinashika. Nilizifungua mwenyewe kibarazani, mswaki wa zamani na mafuta ya breki masafi, unasukuma pistoni nje kidogo unaipiga mswaki mzunguko mzima mpaka ule uchafu mweusi utoke ubaki unaona chuma kinang'aa, unairudisha kwa kidole gumba. Ikirudi kwa kidole imepona, ikidai spana ujue sili zake zimekwisha. Usipake grisi ya beringi humo, inavimbisha mipira. Baada ya hapo mafuta mapya ya breki, DOT 4, lever ikawa ngumu kama inavyotakiwa.

Umeme. Hapa ndo wanaouziwa wanaliaga. Honda nyingi za miaka ile zinajulikana kwa rektifaya, kile kifaa kinachopima chaji ya betri, kufa na soketi ya nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye jenereta kuungua. Kabla hujatoa hata senti omba kuiona hiyo soketi, ikiwa na kahawia kama mkate uliokaa sana kwenye jiko, punguza bei. Halafu mita kwenye betri, imezimwa inatakiwa volti 12.6 hivi, ukiivuta mpaka mizunguko elfu tano ipande 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12 haichaji, ikipita 15.5 inaichemsha betri. Taa ya FI, ya mfumo wa nozeli, nayo ni rafiki, ikimulika hesabu mimuliko, saba kwa mfano ni sensa ya joto la maji, huhitaji mashine ya laki kadhaa kuijua hiyo.

Za Ulaya zina HISS, kinga ya Honda dhidi ya wizi, chipu iko ndani ya funguo. Ukipewa funguo moja tu tengeneza ya pili haraka kabla haijapotea, maana bila funguo hata moja inayotambulika utanunua na kompyuta ya injini. Namba ya chasisi iko kwenye shingo ya fremu, ilinganishe na kadi, isipofanana ondoka zako.

Matairi ni 120/70 na 180/55, zote rimu 17. Kuna duka moja Kariakoo nilionyeshwa tairi "mpya kabisa" linang'aa mafuta, kugeuza ubavu zile tarakimu nne zinaishia na 13, yaani limezaliwa 2013, nikalirudisha kwa adabu. Upepo ni 36 mbele na 42 nyuma, wapiga upepo wetu hawaamini, simama naye.

Mkao sio wa kulala sana kama CBR600RR iliyokuja 2003, Bagamoyo naenda na kurudi mgongo uko salama, tangi lita 18 linatosha. Matuta yetu ndo adui, plastiki ya chini inakwangua usipopita kwa pembe. Wife anasema siti ya nyuma ni adhabu na sina hoja ya kumpinga. Kilichobaki kwangu ni klirensi za valvu, yaani ule uwazi mdogo kati ya valvu na kemu, kitabu kinataka zikaguliwe kila maili 16,000, ya kuingiza milimita 0.20 na ya kutoa 0.28, na kurekebisha lazima kemu zitoke kwa sababu shimu, vile vidonge vya kurekebisha uwazi, zimekaa chini yake. Fundi anayefanya hiyo kazi kwa filagaji, yale mabati membamba ya kupimia uwazi, na sio kwa sikio mniunganishe, niko Mbezi.