FishBase kwa anayelinganisha umbo na mlo wa samaki: nzuri, ila soma maandishi madogo

FishBase ni hifadhidata ya bure iliyoko mtandaoni tangu 1996, na ina zaidi ya spishi 35,000 za samaki. Kwa anayetaka kujua mlo na umbo vimekwendaje pamoja katika mageuzi, hakuna pa kuanzia pazuri kama hapo. Tafuta kwa jina la kisayansi. Jina kama "changu" hubeba spishi nyingi.

Kila spishi imewekwa kwenye kundi la umbo: la kawaida lililochongoka mbele na nyuma, refu, fupi na pana, au la mkunga. Makundi hayo ni mapana mno. Perissodus microlepis wa Ziwa Tanganyika huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda kushoto au kulia, na kila mmoja hulenga ubavu mmoja wa windo. Umbo la mwili halikwambii lolote kati ya hayo. Kwa sikilidi (familia ya huyo Perissodus), ambao ulaji wao umebadilika zaidi mdomoni na kwenye taya za kooni, itakubidi upime vielelezo vya makumbusho mwenyewe.

Mtego mkubwa ni ngazi ya ulaji, yaani namba ya hatua ya samaki kwenye mnyororo wa chakula, mimea ikiwa 1. Pono akwanguaye mwani yuko karibu na 2, mzia awindaye samaki amepita 4. Kando ya namba kuna maelezo mafupi: imetokana na uchunguzi wa mlo, au imekisiwa kutokana na ukubwa wa samaki na namba za ndugu zake wa karibu. Wengi huyaruka. Ukichora grafu kwa namba za kukisia, ndugu watafanana kwa sababu wameazimana namba, na utadhani umegundua mageuzi. Vivyo hivyo a na b za W = aL^b, fomula ya kupata uzito (W) kutokana na urefu (L): pasipo vipimo vya kutosha, hukadiriwa kwa kutumia umbo lenyewe, hivyo haziwezi kuthibitisha kwamba umbo huathiri uzito.

Anayetumia rfishbase, kifurushi cha lugha ya R cha kusomea data za FishBase, achukue DietTroph (ngazi iliyotokana na uchunguzi wa mlo) kwenye jedwali la ecology, aiache Troph ya jedwali la estimate, na aondoe spishi zenye nafasi tupu. Zitabaki chache, tena sana, lakini zinapimika.

Kagua pia aina ya urefu. Kuna unaoishia ncha ya mkia, unaoishia kwenye uma wake, na unaoishia shina la pezi la mkia. Ukiuchanganya, samaki mwenye mkia mrefu ataonekana mwembamba kuliko alivyo.