Weda za bei nafuu kwa anayevua akiwa amekaa kwenye boya: uzoefu wangu Idaho

Kwa muda wa miaka minne nimenunua weda tatu, na mbili za kwanza nilizinunua kabla sijajua ninachokitafuta. Weda, kwa asiyeifahamu, ni suruali isiyopitisha maji ambayo hupanda hadi kifuani na kushikiliwa kwa kanda za mabegani, nayo huvaliwa na wavuvi wa nchi za baridi ili waingie majini bila kulowa. Ninaishi Boise, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, na huvua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye maziwa na mabwawa ya milimani nikiwa nimekaa kwenye boya la kukalia, yaani kiti cha kujazwa upepo chenye umbo la herufi U, ambacho mvuvi hukiendesha kinyumenyume kwa kupiga maji na mapezi ya mpira aliyovaa miguuni. Zamani maboya haya yalikuwa ya duara na ndani yake mlikuwa na tyubu ya lori, kama zile tulizoelea nazo utotoni Kigoma. Tofauti ni kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa kwenye nyuzi 25 hivi karibu mwaka mzima, ilhali siku ya kwanza nilipotumbukiza kipimajoto katika bwawa la Horsethief, karibu na mji wa Cascade, mwezi wa Mei, kilisoma nyuzi 9. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi inayozidi ya hewa zaidi ya mara 20, hivyo kukaa saa tatu ndani ya maji ya namna hiyo na kaptura si ushujaa bali ni kutafuta kulazwa.

Weda ya kwanza niliipata kwa dola 45. Ilikuwa ya nailoni iliyopakwa plastiki, na buti za mpira zilikuwa zimeunganishwa nayo moja kwa moja. Kijana aliyeniuzia alisema inatosha kwa mtu anayeanza, na sidhani kama alinidanganya, kwa maana mtu anayesimama ukingoni akivizia bata angeridhika nayo kabisa. Mimi nilikuwa naenda kukaa. Kwanza, buti zilikuwa pana kiasi kwamba mapezi yangu hayakuingia, nikalazimika kununua mengine makubwa ya kufunga kwa mikanda kwa dola 35, na hapo unafuu wote ukaishia. Pili, hewa iliyobaki ndani ya buti ilikuwa ikiinua miguu yangu kuelekea juu, nami nikawa napiga povu badala ya kusogea. Tatu, plastiki haitoi jasho, na baada ya kutembea dakika kumi na tano kutoka kwenye gari nilikuwa nimelowa kabla sijayagusa maji, hata nikadhani weda imetoboka. Kutoboka kwenyewe kulikuja safari ya sita, kwenye mshono wa msamba.

Niliporudi nyumbani niliigeuza ndani nje na kuichunguza, na nadhani saa moja ile ilinifundisha kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma. Weda nyingi hukatwa kwa ajili ya mtu anayesimama na kutembea mtoni, kwa hiyo kitambaa cha kuimarisha huwekwa magotini na kwenye miundi, mahali anapogonga mawe na kupiga goti. Anayekaa kwenye boya haharibu magoti. Huharibu makalio, nyuma ya mapaja na msamba, kwa sababu sehemu hizo husuguana na kiti kila anapopiga teke, na tena ndizo zinazokaa chini ya maji kuanzia anapoingia hadi anapotoka. Mvuvi wa mtoni mwenye tundu dogo makalioni anaweza kumaliza msimu bila kulijua. Mimi nilijua ndani ya dakika mbili.

Weda ya pili ilikuwa ya mtumba, ya neoprini yenye unene wa milimita 5, niliyoiona imetandazwa mbele ya nyumba ya jirani aliyekuwa akiuza vitu vyake kabla ya kuhama. Nilitoa dola 30. Neoprini ni ule mpira wenye mapovu ya hewa unaotumika kwa mavazi ya wazamiaji, na kwa joto hauna mpinzani. Mwezi wa Oktoba, theluji ikidondoka juu ya kofia yangu, mapaja yalikuwa na joto kama ya mtu aliye kitandani. Hata hivyo yale mapovu yanayotunza joto ndiyo yanayoifanya ielee, hivyo tatizo la miguu kupanda juu lilibaki palepale, na ugumu wake unachosha nyonga kwa sababu kila teke ni kama kukunja godoro. Mwezi wa Julai haivaliki. Ikilowa ndani huchukua siku mbili hadi tatu kukauka, na ikikunjwa mbichi hutoa harufu ambayo mke wangu aliitolea uamuzi bila kunishirikisha, nayo ikahamia gereji. Sijaitupa, kwa kuwa bado naitumia kwa safari mbili tatu za mwisho wa mwaka, lakini kwa mtu mwenye uwezo wa kununua moja tu nisingeishauri, isipokuwa kama anavua vuli na mwanzo wa machipuko pekee.

Ya tatu ndiyo niliyokusudia kuizungumzia hasa. Ni weda ya kitambaa kinachopumua, yaani matabaka ya nailoni yenye utando katikati ambao huruhusu mvuke wa jasho kutoka lakini hauruhusu maji kuingia, na mwishoni mwake haina buti bali soksi nene za neoprini. Niliinunua kwa dola 129 mwishoni mwa msimu, ilipopunguzwa kutoka 180. Sitaitaja chapa yake, kwa sababu watengenezaji hubadilisha mishono na vitambaa kila baada ya miaka michache huku wakiacha jina lilelile, na anayenunua kwa jina anaweza kupelekewa kitu kingine kabisa.

Dukani niliomba kigoda kifupi, nikavaa weda juu ya suruali nzito, nikakaa magoti yakiwa yamepanda hadi usawa wa kifua, kisha nikapiga mateke hewani kama niko majini. Wateja wawili walinitazama kwa huruma. Nilijaribu nne kwa namna hiyo, na mbili ziliondolewa papo hapo, kwa kuwa nilipokaa kitambaa kilivutika msambani hadi kanda za mabegani zikanikata. Mvutano huo ndio unaofungua mishono taratibu. Ya tatu ilikuwa na mishono minne inayokutana katika nukta moja chini kabisa ya msamba, mahali pabaya kuliko pote. Niliyoichagua imewekwa hapo kipande cha pembe nne kinachotawanya mishono, na makalio yake yana tabaka la pili la kitambaa. Kuhusu saizi, msomaji asiangalie herufi peke yake, kwani jedwali zuri hutaja kifua, kiuno, urefu wa mguu kwa ndani na ukubwa wa soksi kila kimoja mbali. Zipo pia saizi za watu wafupi wenye matumbo, ambazo mimi ni mteja wake halali.

Je, inapumua kweli? Kwa anayekaa kwenye boya, jibu ni nusu ya kile kinachosemwa. Mvuke hutoka kwa urahisi nje kukiwa na hewa kavu, na sehemu iliyo chini ya maji haipati nafasi hiyo, hivyo faida niliiona zaidi wakati wa kutembea kwenda na kurudi, na kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwa sababu hiyo sioni haja ya kutoa dola 600 au zaidi kwa weda zenye utando wa Gore-Tex, chapa maarufu ya utando unaopumua, kwa uvuvi huu, ingawa rafiki zangu wanaotembea mtoni siku nzima wana hoja tofauti, na kwa matembezi yao nadhani wako sahihi.

Kitambaa hiki ni chembamba na hakina joto lake chenyewe, jambo ambalo wanunuzi wapya hulalamikia kana kwamba ni kasoro. Joto hutoka kwenye nguo za ndani. Mimi huvaa suruali ya kubana ya poliesta, juu yake suruali ya flisi, yaani kitambaa laini chenye manyoya kinachotunza joto, na soksi nyembamba chini ya soksi za sufu. Pamba siivai kabisa kwa kuwa hushika jasho na kubaki na baridi yake. Nguo hizo zilinigharimu dola 50, na kwa maoni yangu dola hizo zilifanya kazi kubwa kuliko ambavyo dola 50 za ziada zingefanya kwenye weda yenyewe. Soksi za neoprini za weda ziwe na nafasi, maana mguu uliobanwa hukosa damu ya kutosha na hufa ganzi hata ukiwa umevikwa sufu tatu.

Soksi hizo ndizo sehemu dhaifu ya weda ya aina hii. Bonde la Boise limejaa mbigili, mmea uleule wenye miiba unaojulikana kwetu, ambao hapa ni adui mkubwa wa matairi ya baiskeli, na mwiba wake mmoja hupenya neoprini bila shida. Mimi hubeba kipande cha zulia la zamani na kusimama juu yake ninapovaa na kuvua, kisha huvaa viatu vyepesi vya neoprini vyenye soli, na mapezi hufungwa juu ya viatu hivyo. Mtu asithubutu kutembea na soksi tupu, hata hatua tano.

Mkanda wa kiunoni ni lazima, na jaketi okozi pia. Watu huogopa kwamba weda ikijaa maji itamvuta mvuvi chini kama jiwe, lakini maji yaliyo ndani hayana uzito zaidi ya yaliyo nje mtu angali anaelea. Balaa ni baridi ya ghafla, kushindwa kupiga mateke, na kushindwa kupanda ufukoni ukiwa umebeba ndoo kadhaa za maji miguuni. Mkanda uliokazwa hupunguza maji yanayoingia. Kabla ya kuukaza huchuchumaa kwenye maji ya kina kifupi ili hewa itoke kifuani, na tangu nianze kufanya hivyo miguu yangu hukaa chini inavyotakiwa. Kuhusu haja ndogo, weda ya bei hii haina zipu ya mbele, basi kahawa ya asubuhi ipunguzwe.

Msimu wa pili nilianza kuhisi unyevu kwenye paja la kushoto. Niliigeuza weda ndani nje, nikapaka spiriti ya kusafishia vidonda kidogokidogo, na doa jeusi likajitokeza mahali palipotobolewa. Njia hii hufaa kwa vitambaa vyenye utando, wala si kwa neoprini. Tone la gundi ya weda, usiku mmoja wa kukauka, na kazi ikaisha. Baada ya kila safari huianika ndani kwanza, kisha nje, hadi ikauke kabisa. Zamani nilifanya hivyo kwa ajili ya harufu tu, lakini tangu kome wa kwaga, kome wadogo wavamizi wanaozaana kwa kasi, walipogunduliwa katika mto Snake pale Twin Falls mwezi wa Septemba 2023, sitaki kuhamisha hata tone moja kutoka bwawa hadi bwawa, kwa sababu mabuu yao hayaonekani kwa macho.

Kwa mujibu wa daftari langu, weda hii imeingia majini mara 61. Ina viraka vitatu, vyote nyuma ya mapaja, na kitambaa cha makalio kimeanza kupauka. Magoti yake, yaliyoimarishwa kwa matabaka mawili, bado ni mapya kama siku niliyoitoa dukani.