Meno yaliyobanana: vyuma au plastiki angavu?

Meno yakibanana kidogo, plastiki angavu (vifuniko vyembamba vya kuvaa juu ya meno, kimoja baada ya kingine) zinatosha. Jino la chonge likipanda juu ya mengine, au ikibidi magego madogo yang'olewe kupata nafasi, tunapendekeza vyuma, yaani vibati vinavyogandishwa kwenye meno na kuunganishwa kwa waya: waya husogeza hata mzizi, ilhali chonge, kwa umviringo wake, huteleza ndani ya plastiki lisizunguke.

Kila plastiki husogeza jino takriban robo milimita, kisha hubadilishwa baada ya wiki 1 hadi 2. Ivaliwe saa 20 hadi 22 kwa siku. Ukiivua kwa chai ukaisahau mezani, inayofuata haitakaa vizuri: utaona uwazi kati ya ncha ya jino na plastiki. Usilazimishe, mwulize daktari kama urudie ya awali.

Arusha na Moshi kuna jambo la kuuliza mapema: meno ya kahawia kutokana na floraidi ya maji. Gundi hushika kwa shida juu yake, hivyo vibati vya chuma hubanduka upesi, na hata vinundu vinavyogandishwa kwenye jino ili kushikilia plastiki. Daktari auandae uso wa jino kwa uangalifu zaidi.

Mwenye vyuma apukuchue mahindi ya kuchoma, asiyang'ate kwenye gunzi.