Kozi ya ualimu wa praimari, maoni yangu baada ya kuacha kazi ya sacco

Nilikuwa karani wa sacco ya matatu, nikaacha nikajiunga na chuo kimoja cha praiveti kusomea ualimu wa praimari (jina naliacha). Kwanza mjue ile P1 (cheti cha ualimu wa praimari) ya miaka miwili ilishaisha, tangu 2021 ni diploma, miaka mitatu, na KNEC (baraza la mitihani la Kenya) ndio wanatahini, so mkiambiwa ati kuna njia ya mkato shikeni pesa zenu.

Walimu wa pale ni moto, hasa madam wa hesabu. Alikataa kabisa tuandike chati za kupendeza tu, akatutuma tuokote vifuniko vya soda, na bana kwa tichingi praktisi nilimwaga hivyo vifuniko kwa dawati la Gredi 2, watoto wakavipanga kumi kumi wakaelewa kujumlisha kabla sijashika chaki, huku mmoja ameshaficha vitatu kwa soksi. Hiyo sehemu naipa tano kwa tano.

Sasa ofisi ya fees ndio shida. Ukilipa risiti inachukua wiki, halafu unafukuzwa CAT (mtihani mdogo wa katikati ya muhula) ati una balansi, na sisi wengine tuna watoto nyumbani na hatuwezi kukaa kwa foleni siku nzima. Hosteli pia wamepanga kama wote ni wa miaka kumi na tisa, hakuna mpango wa mtu mzima.

Nawapa tatu na nusu. Ukienda, lipia benki na upige picha ya slipu.